Mnakwangua majina juu ya michoro ya mitepe, vyombo vya baharini vya mababu, halafu mnajitetea!

Wakuu salaam. Leo siombi ushauri, nimekuja kulalamika, na atakayekwazika akwazike.

Wikiendi nilikuwa kwenye magofu fulani huku pwani ya kusini (sitayataja, nisije nikawapelekea wateja). Kwenye lipu ya chokaa ya chumba kimoja kuna chombo kimechorwa kwa ncha ya kitu kikali: mlingoti mmoja, tanga la mraba, gubeti (pua ya chombo) limeinuka, kamba zimeshuka kutoka kileleni mpaka shetri (nyuma ya chombo). Aliyechora alikijua chombo. Sasa juu yake, kuanzia tangani hadi kwenye mkuku (uti wa chini wa chombo), kuna bwege kachonga jina lake na la mpenzi wake, kopa katikati, herufi ukubwa wa kiganja. Unga wa chokaa bado uko sakafuni!

Namuuliza aliyekuwa anatutembeza, mbona hivi? Ananijibu, "Kaka, kwani hao mabaharia wa zamani si nao walichorachora ukuta wa watu?" Kundi zima likacheka.

Na huu utetezi nimeuona hadi humu. Haya, tujibizane. Mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi, bila misumari, tanga lake mkeka. Mbao zimeoza, mkeka umeoza, hakuna mtepe wa zama zile uliobaki hata mmoja. Ukitaka kujua tanga lilikaaje na kamba zilipita wapi, unarudi kwenye kuta za magofu ya Songo Mnara na Kilwa Kisiwani kule Tanzania, na Gede kule Kenya. Ukutani ndiko vyombo hivyo vilikobaki. Kopa lako wewe litamfundisha nani nini? Kwamba mlipendana mpaka Pasaka?

Halafu kuna hili lililonimaliza kabisa. Ukuta wa pili yake umezibwa nyufa kwa saruji. Saruji, wakuu, juu ya chokaa! Fundi yeyote wa pwani anajua chokaa inapumua na saruji haipumui. Unyevu na chumvi vinabaki nyuma, lipu ya zamani inavimba, mwisho inadondoka vipande vipande na mchoro wake. Aliyeidhinisha kazi ile alilipwa, bila shaka.

Nendeni Mombasa mkaone. Michoro ya Wareno waliokaa Ngome ya Yesu (Fort Jesus), meli na makanisa waliyochora kwa makaa na udongo mwekundu, imehifadhiwa, watu wanalipa kiingilio kwenda kuitazama. Mreno aliyetuletea mizinga michoro yake inatunzwa, nahodha wetu anakwanguliwa na funguo ya bodaboda. Haiudhi hii?

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO 1981, zikawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, zikatolewa 2014 baada ya kazi kubwa. Bahari tulipambana nayo. Sasa tupambane na wapenzi?

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ipo tangu 1964, kwa hiyo msiniambie hakuna sheria. Nataka kamba mbele ya kila mchoro, mlinzi anayelipwa mshahara wa kueleweka, na faini inayouma. Na mtembeza wageni anayechekelea anyang'anywe kibali.

Mwenye picha za kuta hizi za zamani, kabla hazijaharibiwa, aziweke hapa chini, ataje mahali na mwaka. Na wewe wa kopa, najua uko humu. Jitokeze.