Ushauri wakuu: nimeitwa kikao cha nidhamu, niende au nijikalie zangu Mwanza?

Mtoto wa Igoma: Wakuu heshima kwenu. Nipo chumba cha kontroli yadi ya kupanga mabehewa ya mizigo. Kuna kaunta za ekseli, zinahesabu magurudumu yanayoingia njia na yanayotoka, zikilingana njia iko wazi. Usiku umeme ukacheza, njia namba 4 ikagoma kwenye nyekundu wakati iko tupu, baadae mabehewa yakagongana humo na msala nikabebeshwa mimi. Kikao Jumatatu. Niende?

Dagaa wa Kayenze: Achana nao. Mi niliacha ualimu nikaingia kwenye dagaa, giza likiingia nalala na hela, mbalamwezi ndo tunakula madeni 😂

Mama Kevi: Mdogo wangu una familia? Vijana kazi mnazichezea sana.

Fundi Reli: Nyekundu ilitokaje?

Mtoto wa Igoma: Niliriseti.

Fundi Reli: Kuna mtu alitembea njia kwanza kuhakikisha? Maana ukiriseti kaunta inaanza sifuri, behewa likiwa limebaki haliioni tena, pointi (zile reli za kuhamisha behewa njia) zinafunguka na mengine yanasukumwa humohumo.

Mtoto wa Igoma: Mvua ilikuwa inapiga bro, na kamera ilionyesha tupu. Kumbe moja lilibaki kule mwisho gizani. Wote tunariseti hivyohivyo na supavaiza anajua. Mfumo ungekuwa wa maana ungekataa.

Fundi Reli: Si ulikataa. Ndo ile nyekundu.

Mzee wa Kirumba: Mnamshauri mtunga hadithi. Yadi ya Mwanza naijua, geji ya mita moja, pointi tulivuta kwa mkono mpaka mgongo ukaisha, mabehewa tunayapakia meli ya MV Umoja pale bandari ya Mwanza Kusini yanavuka ziwa mpaka Port Bell, Uganda. Hizo kamera kaziona wapi? SGR ya Isaka yenyewe bado wanajenga.

Mtoto wa Igoma: Shikamoo mzee. Sijasema kazi iko Mwanza, iko nje. Nimesimamishwa wiki ya tatu hii, nipo kwa mama.

Mzee wa Kirumba: Marahaba. Ungesema tangu juu.

Mama Kevi: Kumbe ushasimamishwa! Na nauli ya kurudi unayo?

Mtoto wa Igoma: Nilikuwa nayo dada, nimelipia nusu ya injini ya boti.

Fundi Reli: Kuna mtu aliumia siku ile?

Dagaa wa Kayenze: Injini HP ngapi?

Mtoto wa Igoma: 15 mkuu, Yamaha, imetumika kidogo tu.