Wakuu, ushauri: "Layla" ya Clapton inafaa kupigwa harusini?

Gitaa Kavu (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Rafiki yangu wa kufa na kuzikana anaoa mwisho wa mwezi, mimi ndiye mpambe wake. Kamati imenipa dakika chache niwatumbuize maharusi kwa gitaa. Bibi harusi anaitwa Laila, nikaona "Layla" ya Eric Clapton inaingia bila kulazimisha. Sasa kuna jamaa wa kamati, mtu wa miziki ya zamani, aliposikia akanitazama vibaya, akasema "huo wimbo una mambo yake". Tangu hapo silali vizuri. Una tatizo gani? Wajuzi tafadhali.

Fundi Redio
Huyo jamaa yuko sahihi. Mwaka 1970 Clapton alikuwa amemzimikia Pattie Boyd, mke wa George Harrison wa Beatles. Na Harrison hakuwa mtu baki kwake: 1968 alimwita studio apige gitaa kwenye "While My Guitar Gently Weeps". Clapton akaenda Miami na bendi yake, Derek and the Dominos, akamwaga moyo wote mle. Jina kalitoa kwenye kisa cha Nizami, mshairi wa Kiajemi wa karne ya 12: Majnun anarukwa na akili kwa kumpenda Layla, na Layla anaozwa mtu mwingine. Sasa wewe mpambe usimame mbele ya bwana harusi umwimbie mkewe hayo?

Mjukuu wa Chifu
Kataa ndoa, kataa na gitaa.

Bi Mwanakombo
Mwanangu, Laila na Majnuni huku pwani tumewasikia kabla hatujajua gitaa la umeme ni kitu gani. Sijapata kuona mtu akipeleka kisa kile harusini, mwisho wake ni makaburi. Kwani taarabu zimekwisha mjini?

DJ Mstaafu
Mnamtisha bure. Watu ukumbini hawasikilizi maneno. Niliwahi kupiga harusi moja, bwana harusi akataka wimbo wa kuachana wakati wa kukata keki, ukumbi mzima ukaitikia kiitikio huku vijiko vikigongwa kwenye glasi. Mpaka leo wako pamoja na wamenenepa. Shida ya "Layla" ni urefu, dakika saba na ushee, MC gani atakuachia? Wenyewe 1971 waliukata ili utoshe santuri ndogo, haukufika mbali. 1972 ukatoka mzima ndipo ukapaa, Marekani na Uingereza.

Fundi Redio
Na jina la bendi liliwaponza. Watu walimtafuta Clapton madukani, wakakutana na Derek wasiyemjua.

Mama Wawili
Mleta mada, kuna jambo hujasema. Wimbo ukiwa na mambo, mtu anachagua mwingine, anakwenda zake kulala. Wewe na Laila mlijuana wapi?

Gitaa Kavu
Tulisoma wote chuo.

Mama Wawili
Mlisoma tu?

Gitaa Kavu
Haya basi. Tulikuwa wapenzi hadi tulipomaliza. Mimi ndiye niliyewakutanisha na jamaa, na jamaa hajui. Lakini hayo yalishapita na hayahusiani na swali, swali langu ni la muziki. Halafu mpiga kinanda nimeshamlipa advansi na mazoezi tumeanza, nikibadilisha sasa kamati itauliza kulikoni. Na mnasahau kwamba Clapton na Harrison hawakuuana! Pattie alipoolewa na Clapton 1979, Harrison alikwenda kwenye sherehe. Harrison alipofariki, Clapton ndiye aliyeongoza tamasha la kumkumbuka, London, 2002.

Fundi Redio
Kumbe kisa unakijua kuliko mimi! Si uliuliza una tatizo gani? Basi malizia na katikati ulikoruka. Pattie amesimulia mwenyewe: Clapton alimsikilizisha wimbo, usiku uleule kwenye sherehe akamwambia Harrison usoni kuwa anampenda mkewe. Pattie akaondoka na mumewe. Clapton akajifungia na heroini kwa miaka. Alipokuja kumpata, akazaa nje, 1989 wakatalikiana.

Mtumishi wa Kweli
Mke wa mtu ni sumu. Ndugu, jitoe kwenye upambe, sema unaumwa.

Gitaa Kavu
Bado si mke wa mtu, harusi ni mwisho wa mwezi.

Mama Wawili
Yesu wangu.

DJ Mstaafu
Suluhisho hili hapa: piga ile sehemu ya mwisho ya kinanda peke yake. Haina neno hata moja, wazee watadhani ni muziki wa kula chakula.

Gitaa Kavu
Mkuu, hapo umenisaidia sana. Na advansi ya kinanda haipotei.

Fundi Redio
Sehemu hiyo imeandikwa jina la Jim Gordon, mpiga ngoma wao, ingawa Rita Coolidge, aliyekuwa mpenzi wake, anasema tuni ni yake na alidhulumiwa. Gordon alikuwa mgonjwa wa akili. 1983 alimuua mama yake mzazi, akafia kizuizini 2023.

Mjukuu wa Chifu
Mama mzazi asiketi meza ya mbele.

Kobe Mzee
Nimesoma kimya, sasa niseme: hii ni chai, tena ya rangi. Bibi harusi kwa bahati anaitwa Laila, mpambe kwa bahati ni mpenzi wa zamani na kwa bahati anapiga gitaa. Isitoshe mleta mada huyuhuyu kwenye uzi wa viwanja aliandika ana mke na mtoto anaanza darasa la kwanza.

Gitaa Kavu
Akaunti hii tunatumia wawili na kaka yangu. Mwenye mke ni yeye.

DJ Mstaafu
Chai au si chai, hilo la Rita Coolidge sikulijua. Fundi Redio, mfungulie uzi wake.

Mama Wawili
Na huyo mke wa kaka yako anaitwa nani?

Gitaa Kavu
Dada yangu, tafadhali tubaki kwenye muziki.