Laptopu 30 za mtumba, dakika 15 kila moja: nikague nini?

BintiKaunta

Habarini wakuu. Nina miezi miwili kwenye duka la laptopu za mtumba hapa Kariakoo. Mzigo wetu unatoka Uingereza, mwingi ni HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude za umri huohuo. Kazi yangu kwa maelezo ya bosi: washa, ona Windows inafunguka, futa kioo kwa spiriti, bandika stika, panga kabatini. Kwa kila mashine ananihesabia dakika 15, na kufuta vumbi kumo humohumo.

Wiki iliyopita zimerudi mbili siku moja. Ya kwanza ya mwalimu wa Kibaha, kibodi mbovu anasema: akibonyeza @ inatoka alama ya nukuu. Ya pili ya kijana wa chuo. Aliifuta aianze upya, ilipowaka ikamtaka aingie kwa baruapepe ya taasisi fulani ya huko Ulaya, na hapohapo ikaganda, haendi mbele wala harudi nyuma. Bosi akanigeukia: "Si wewe uliyeikagua?" Nikanyamaza, maana ile stika ya IMEKAGULIWA niliibandika kwa mkono wangu.

Jumatatu zinashuka 30. Nianze na nini? Msinitume kununua vifaa tafadhali. Nina fleshi moja, bisibisi na bando langu mwenyewe.

Fundi_Bawaba

Pole mwanangu. Tuanze na mwalimu, maana kibodi yake ni nzima. Mashine ya Uingereza ina @ pembeni karibu na Enter, na juu ya 2 pamechorwa nukuu. Nyie mmepandisha Windows mkaiacha kwenye mpangilio wa Kimarekani, ambao umeweka hizo alama mbili kinyume. Ndiyo maana akitafuta £ juu ya 3 anapata #. Nenda kwenye mipangilio ya lugha, weka kibodi ya Uingereza, mrudishie na umwombe radhi. Kuanzia sasa fungua Notepad, bonyeza kila kitufe kimoja kimoja, na uangalie kinachotokea kioo kinafanana na kilichochorwa kwenye kitufe. Dakika moja na nusu.

Ya kijana ni kubwa zaidi. Hiyo inaitwa Windows Autopilot. Kampuni au shule inaposajili mashine zake, usajili hushikamana na bodi mama (ile kuu ya ndani) yenyewe. Badilisha diski, pandisha Windows mara kumi, ikipata intaneti wakati wa kuanza itamtafuta mwenyewe wa zamani. Nyie dukani mnapandisha bila intaneti ili kukwepa kuulizwa akaunti, sivyo? Basi ndiyo maana hamjawahi kuiona. Inamsubiri mteja. Kwa hiyo kila mashine ianze mwanzo kabisa ikiwa imeunganishwa na hotspoti ya simu yako, hadi uone kama inakuuliza baruapepe ya kawaida au inakukaribisha kwa jina la taasisi. Ukiona jina, iweke pembeni. Kwa kawaida wa kuifungua ni taasisi iliyoisajili, kwa hiyo inarudi kwa aliyewaletea mzigo akawabane waliomuuzia. Usikubali fundi wa jirani akuambie "naitoa kwa elfu thelathini". Atakachofanya ni kuipandisha bila intaneti, kama nyie.

Sasa betri, ambayo ndiyo inayoniliza mimi miaka yote. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, itakuandikia ripoti na kukuonyesha imeihifadhi wapi. Tazama mstari wa DESIGN CAPACITY (uwezo wa betri ikiwa mpya) na wa FULL CHARGE CAPACITY (uwezo iliobaki nao). Hiyo 840 G5 ilizaliwa na mWh 50,000 hivi. Ukikuta 31,000 imebaki na asilimia 62, uza lakini mwambie mteja. Ila ripoti nayo hudanganywa. Betri ya kuiga hujiandika mpya, asilimia mia, halafu ikifika 40 inazima kama mshumaa uliopulizwa. Dawa yake ni kuchomoa chaja. Jaza betri, cheza video, mwanga nusu, iache dakika 20. Nzuri itashuka asilimia 7 au 8. Iliyochoka 12. Iliyoshuka 25, au inayoruka kutoka 70 kwenda 52, usiibandike stika yako.

Najua unawaza dakika 20 utazitoa wapi. Usikague moja moja. Panga kumi kwenye meza, fanya kama mama wa vitumbua: cha kwanza kikiiva ameshamimina cha saba. Video zikiwa zinacheza wewe unabonyeza vitufe vya nyingine.

Halafu jina langu la humu si la bure. Shika kioo, kifungue na kukifunga polepole mara tano huku kimewaka. Waya wa kioo hupita kwenye bawaba. Uliochubuka utakupa mistari kioo kikiwa nyuzi 60, ukifika 110 inapotea, na wewe mezani daima unakiweka 110. Weka picha nyeupe tupu uone madoa ya kubanwa (husafirishwa zimebebana kama magunia), kisha nyeusi tupu.

Mwisho, ilaze juu ya kioo cha kaunta. Ikitikisika au tachipedi imeinuka, betri imevimba. Zima, usiibonyeze irudi chini, usiitoboe, na usiilaze usiku kabatini na wenzake.

MnadaniHalisi

Mzee heshima yako, ila hayo ni ya vitabuni. Mteja wa Kariakoo anauliza bei, anagusa kioo, anaondoka. Tunampa waranti ya siku saba, ikisumbua arudishe. Tukianza kucheza video tutafunga duka.

Fundi_Bawaba

Mteja wako wa Sumbawanga anapokea kifurushi kwa basi siku ya pili, anapata nafasi ya kuiwasha Jumamosi. Anagundua betri siku ya sita. Nauli ya kuja na kurudi ni sehemu nzuri ya bei ya betri mpya. Waranti yako ni ya watu wa Buguruni.

MnadaniHalisi

Hapo kwa Sumbawanga umenipata. Siongezi neno.

Msomi_wa_Thika

Hamjambo, mimi niko Kenya, nazitayarisha za shule. Fundi amesema karibu yote, naongeza mawili. Dada, ingia BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, inayofunguka kabla ya Windows) kabla ya chochote. Ikikuomba nywila, hiyo mashine ina mwenyewe na si wewe. Ukishaingia, linganisha namba ya seriali iliyo BIOS na ile iliyobandikwa chini. Zikitofautiana, bodi au mfuniko umetoka kwenye mashine nyingine, na hapo uliza maswali.

La pili ni diski. Programu ya CrystalDiskInfo inaingia kwenye fleshi yako, inakusomea afya yake kwa sekunde. Ikiwa ya njano, ibadilishe tu. Na usidhani mzigo kutoka Ulaya hufika ukiwa mtupu. Nimewahi kuwasha moja nikakuta mishahara ya ofisi nzima na picha za mtoto akikata keki. Diski ya SSD (zile za kisasa zisizozunguka ndani) usiifute kwa zile programu za zamani za kuandika sifuri juu ya diski, tumia amri ya kufuta kwa usalama, nyingi za daraja la ofisi zinayo humohumo kwenye BIOS. Huko kwenu mna sheria ya taarifa binafsi ya 2022, sisi tuna ya 2019. Bosi wako hatafurahia kuzisomea mahakamani.

Fundi_Bawaba

Hilo la picha za mtoto limenichoma. Asante sana mdogo wangu.

Binti, kingine. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 2025. Hizo G5 zenu nyingi zina prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, na hizo zinapokea 11 kihalali. Wakikuletea G3, ya zamani zaidi, imepandishwa 11, imepitishwa dirishani. Inafanya kazi, lakini mteja ajue kabla hajalipa.

BintiKaunta

Shikamoo Fundi, na asanteni nyote. Narudi na ripoti.

Zilishuka 30. Kwa hotspoti ya simu yangu, tatu zimenikaribisha kwa jina la shule moja, zote za kundi moja, namba zinafuatana. Seriali moja haikulingana. Betri mbili zimevimba, moja ilizunguka kwenye kioo cha kaunta kama pia. Kibodi zote 30 zilikuwa kwenye mpangilio wa Kimarekani, hadi aibu. Mwalimu wa Kibaha nimempigia, akacheka, akasema alikuwa ameshazoea kunakili @ kutoka kwenye baruapepe za watu.

Nimetumia siku moja na nusu. Bosi alinuna hadi alipoona zile tatu, akapiga picha, akamtumia aliyetuletea mzigo. Jibu halijaja bado. Ila leo asubuhi kaja na kiruta kidogo cha intaneti, akakiweka mezani kwangu bila kusema neno, na dakika 15 hajazitaja tena.

Fundi, swali dogo: zile betri mbili zilizovimba nimeziweka nje kwenye ndoo ya mchanga. Mchanga ni sawa, au nazo zina pa kupelekwa?

Fundi_Bawaba

Marahaba. Mchanga mkavu ni sawa, mfuniko usiukaze, mbali na jua. Nitumie ujumbe wa faragha, kuna anayekusanya.