Naomba ushauri: ndama wa ng'ombe wa nyama, niwauze sasa au niwanenepeshe?

Ndugu wafugaji, habari zenu. Naomba ushauri kwa mwenye uzoefu wa ng'ombe wa nyama.

Nipo Kongwa, Dodoma. Nina majike 9, chotara wa Boran, na ndama 7 waliozaliwa Februari na Machi. Sikamui; maziwa yote ni ya ndama. Ndama wamependeza kweli, lakini mama zao wamekonda hadi mifupa ya nyonga inachomoza, na ni mmoja tu aliyerudi kwenye joto, yaani kutaka dume, ilhali malisho ya kiangazi yamebaki mabua makavu.

Nimewapa dawa ya minyoo, nawaogesha kila wiki kwa ajili ya kupe, na jiwe la chumvi lipo zizini. Jioni nawaongezea mama mashudu ya alizeti na pumba za mahindi, ila ndama wananyonya kwa pupa, wakisukuma kiwele kwa vichwa mpaka mama anayumba, hivyo naona chakula hicho chote kinaishia kwenye maziwa.

Mnadani wanunuzi hukadiria kwa macho, na bei wanazotaja kwa ndama zinakatisha tamaa.

Je, niwaachishe kunyonya sasa, na kama ndivyo, niwatenge moja kwa moja au niwaweke kwanza kwenye uzio wanaoonana na mama zao? Na madume, kwa kuwa mitamba nitabaki nayo, niwauze mara tu wakiachishwa, au niwanenepeshe hadi umri gani kabla gharama ya mashudu haijala faida?