Shela imeungua, nikosoeni

Picha yangu ya bibi harusi kando ya dirisha: lenzi ya milimita 85, tundu la lenzi f/1.8, kasi ya shata 1/200 ya sekunde, ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) 400. Mwanga umezidi, shela imekuwa nyeupe tupu. Semeni wazi.

Jibu 1: Pozi safi sana. Tatizo, kamera imepimia uso, kitambaa kikaungua. Nyuzi zilizopotea hata RAW (faili ghafi la kamera) haizirudishi. Pandisha kasi hadi 1/400, kisha weka ubao mweupe wa kurudisha mwanga upande wa kivuli, karibu na shavu.

Jibu 2: Mkuu, kasi iache. Kwa f/1.8 jicho la mbali limepata ukungu. Funga tundu hadi f/2.8: mwanga unapungua zaidi ya nusu, shela inapona, macho yote yanakaa kwenye fokasi. Fokasi jicho la karibu. Na maua ayashushe kitovuni, vidole vimekakamaa.

Muulizaji: Shukrani wakuu. Ubao nitauongeza.