Nimealikwa kucheza vita mezani, naombeni ushauri

Ndugu zangu, habari za siku.

Mwenzangu kazini kanialika kwake Jumamosi tucheze mchezo wa vita wa vijisanamu, askari wadogo wanaosogezwa mezani. Nilikubali haraka, maana tangu nihamie huku sijawahi kuitwa nyumbani kwa mtu. Baadaye ndipo akaniambia pambano lenyewe ni la Mogadishu, Oktoba 1993, na kwamba mimi nitakuwa wanamgambo wa Kisomali. Hakuniuliza, kaniangalia tu usoni akaona nafaa. Niende? Na nibebe nini?

* * *

Kaka, nenda. Usinunue kitu, mwenye meza ana vyote. Ukiwa na dadu zako na tepu ya inchi, beba. Askari wa milimita 28 mshike kwenye kibao anachosimamia, kamwe usimshike bunduki. Ni nyembamba kama njiti ya kiberiti na rangi yake imekula jioni nzima ya mtu.

Wageni wengi hushindwa kwa kukimbiza watu barabarani. Silaha za kisasa mara nyingi hufika upande wa pili wa meza, kwa hiyo kinachokuokoa ni ukuta, si umbali. Kabla ya kusogeza mtu, chuchumaa jicho lako liwe sawa na lake, utaona nani anamwona. Na kikosi kilichobanwa na risasi hakiendi popote hata kama hakuna aliyekufa, kwa hiyo mmoja abane, mwingine azunguke.

Ukinogewa ukaanza kupaka zako, rangi ya kupuliza usiiweke kwenye begi la ndege. Inashika moto, hairuhusiwi.

* * *

Mdogo wangu, kaka yako kasema kweli ila karuka jambo. Operesheni ile ya Wamarekani ilitarajiwa kuwa fupi, ikaenda hadi asubuhi ya Oktoba 4. Helikopta mbili za Black Hawk zilitunguliwa kwa RPG, yale makombora ya kurusha begani, wanajeshi 18 wa Marekani wakafa, na Wasomali mamia, raia wakiwemo. Jirani yangu hapa alikuwa mtoto mjini humo. Akisikia helikopta hadi leo hunyamaza katikati ya sentensi.

Sisemi usiende. Muulize mwenyeji mapema: nani anapanga pande, na raia wako wapi? Kuna kanuni ambazo raia huwekwa mezani, dadu ndiyo inawasogeza, na ukiwapiga unapoteza pointi. Meza isiyo na raia jirani na Bakara, soko kubwa la Mogadishu, huo ni mji gani?

* * *

Shikamoo dada, asante kaka. Nimerudi.

Niliuliza kwenye simu. Mwenyeji alikaa kimya kidogo, akasema hakufikiria, kisha akachomoa raia kumi na wawili kwenye boksi jingine. Pande tulirushia dadu nikapata Wamarekani. Magari yangu yakaziba njia yenyewe kwa yenyewe, na zamu ya nne kundi la raia likaingia katikati. Sikuweza kupiga risasi hata moja. Nimefungwa vibaya, na Jumamosi ijayo nimeitwa tena.

Sasa shida: nilipoinuka mkono wa shati ulinasa pangaboi la helikopta yake, moja likakatika. Supagluu haishiki, linainama tu. Kaka, nitoboe tundu nipitishe waya, au?