Wakala wa wanafunzi wa Kiswahili Unguja: tulipeni kwanza, masharti baadaye

Assalaam alaykum wanajamvi. Nimekaa na hili jambo kifuani muda mrefu, leo nalitoa.

Naishi Ng'ambo, Unguja Mjini, na nyumba yangu inapokea wageni wanaokuja kusoma Kiswahili. Wajerumani, Wamarekani, Wakorea, wote wamepita. Na wageni sina ugomvi, wengi ni watoto wa watu, wana adabu zao. Ugomvi wangu ni na wakala anayewaleta. Simtaji, mods msije mkaufuta uzi, mwenyewe atajijua.

Juzi binti niliyenaye sasa kaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, leo tena hakuna samaki?" Nikamwambia mwanangu, kusi limechachamaa, wavuvi hawatoki, na hao changu wachache waliopo Darajani hawashikiki. Akanitazama. Akafungua simu akanionesha risiti yake: chumba, milo mitatu, samaki au nyama kila siku, maji moto, intaneti. Na bei kwa dola.

Wallahi nilikaa kitako. Ninachopewa mimi hakifiki hata nusu ya kile nilichokiona pale, tena kinakuja kwa shilingi na kinakuja kimechelewa. Cha mwezi uliopita mpaka leo "kinashughulikiwa". Hiyo milo mitatu ndiyo kwanza naisikia kwenye simu ya mgeni, mimi niliambiwa chai ya asubuhi na chakula cha usiku. Kwa hiyo huyu mtoto muda wote anaamini mimi ndiye niliyekula pesa za samaki wake! Anajua alilipa viza, anajua kuhusu bima ya dola 44 wanayotozwa wageni tangu Oktoba 2024, kila kitu anakijua. Asichokijua ni mama anayempikia anapata ngapi, na wakala kahakikisha asijue.

Haya, umeme. Sisi hapa ni mita ya tukuza, unanunua uniti, zikiisha kiza. Mgeni analala na feni mpaka asubuhi, kompyuta iko kwenye chaji, hita ya maji kaiacha kakimbilia darasani. Simlaumu, hakuna aliyemwambia. Nikampigia wakala, jibu lake umeme "umo humo humo". Humo wapi? Ukikatika ndiyo napigiwa simu mimi kukaripiwa, utadhani ule waya wa baharini kutoka Bara niliutandika mimi na mume wangu. Ulipokufa Desemba 2009 tulikaa na vibatari hadi Machi 2010, wala hakuna aliyetuletea fomu ya kujaza maoni.

Maana wana fomu hao. Mgeni akiondoka anaupa alama usafi wa choo changu, mapishi yangu, eti na ukarimu wangu. Ya kumpa alama wakala sijaiona.

Ramadhani ndiyo usiseme. Kijana mmoja aliletwa siku mbili kabla ya mwezi kuandama, hakuelezwa hata neno. Akatoka na mkate wake wa siagi, akakaa barazani anakula, na wazee ndiyo hao wanarudi msikitini adhuhuri. Mume wangu akamshika mkono taratibu akamuingiza ndani. Yule kijana hana kosa, lakini mtaani tulioangaliwa ni sisi. Na mimi na swaumu yangu nampikia chakula cha mchana, ambacho hata sikuambiwa kimo, chumvi natia kwa kukisia. Alipolalamika imezidi nikacheka tu, ningefanyaje.

Halafu mtu ananiambia kazi yangu ni chumba na chakula. Darasani wanakaa asubuhi tu, siku nzima iliyobaki wako jikoni kwangu. Huyu binti mavyaa wangu alimkalisha chini na ungo, wanachagua mchele, na kila akisema "hii mchele" bibi anamkatiza, "huu, mwanangu, huu", mpaka ulimi ukakaa sawa. Kukuna nazi kajifunza hapa, kuchuja tui kajifunza hapa, kuamkia wakubwa badala ya kuwarushia "mambo" kajifunza hapa. Kila Julai 7 tunahutubiwa Siku ya Kiswahili Duniani, Kiswahili ni bidhaa, Kiswahili ni ajira. Bidhaa gani hii ambayo anayeifanyia kazi ndiye wa mwisho kulipwa?

Na nyinyi mtakaokuja na "si uache tu", nawajibu mapema. Chumba kile nimekijengea choo chake kwa mkopo wa kikoba, kwa sababu wakala huyo huyo alisema bila choo cha ndani haleti mgeni. Godoro jipya, chandarua, meza ya kusomea, vyote nimenunua mimi. Marejesho hayangoji mpaka yeye amalize kushughulikia.

Ninachotaka ni karatasi. Iandikwe mgeni kalipa ngapi, mimi changu ngapi, milo mingapi, umeme wa nani. Na pesa iingie kabla begi halijavuka kizingiti. Kundi jengine linakuja Julai, na kwangu bila hiyo karatasi mlango haufunguki.

Wenzangu wa Kikwajuni, Malindi, Jang'ombe mnaopokea wageni, njooni inbox tuambizane kila mtu analipwa ngapi. Najua tulikatazwa. Mimi changu nitakitaja wa kwanza.